Mashimo ya Jumamosi

Dada yangu mpenzi,

Nakutumia salamu nyingi kuliko majani ninayokata kwa wiki nzima. Hujambo wewe? Shangazi hajambo na magoti yake? Na binti yako, Bibi Mdogo wetu, bado anawagombeza watu wazima kama vile yeye ndiye aliyewazaa? Mwambie mjomba wake hajasahau ahadi ya mipira ya gofu. Ninayo kumi na mmoja, nimeiosha, nimeificha ndani ya soksi. Mimi ni mzima wa mwili. Kula nakula, kazini naenda. Mengine ndiyo haya nakuandikia.

Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha darasa la tatu na kalamu naishika kama mpini wa reki. Ningekupigia simu, lakini sikio lako la kushoto ndiyo hivyo tena, na lile la kulia likishika simu, shangazi anakaa ubavuni kwako na kukujibia. Halafu mimi unanijua, kwenye simu maneno yananikwama kama nimemeza mfupa. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori linalotuletea mchanga uwanjani, anapita huko kesho Ijumaa. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si mwingine. Isome mpaka mwisho kabla hujafunga begi. Kama umeshalifunga, lifungue.

Maana jana shemeji aliniambia mwenyewe kwamba mmeongea, na kwamba Jumapili unarudi kwake na mtoto. Alikuwa amekaa kwenye lile kochi la kijani, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, anajaribu kumenya chungwa kwa mkono mmoja. Akasema amekueleza mambo matatu. Kwamba ameshashuka chini ya mapigo themanini, amepata sabini na tisa, kadi ameitia kwenye fremu. Kwamba tangu siku hiyo moyo wake umetulia kama maji ya mtungini. Na kwamba ameanguka kwenye ngazi pale dukani kwake akishusha makopo ya rangi, amevunjika mkono, na nyumba haina mtu wa kumpa hata chai. Akasema ulilia kidogo halafu ukakubali.

Dada, katika hayo matatu, la kwanza tu ndiyo kweli. Na hilo nalo lina kasoro yake, nitakufikisha.

Niruhusu nianzie mbali, kwa sababu wewe ulikuwa ndani ya nyumba na mimi nilikuwa chumba cha uani, kila mtu aliona upande wake. Unakumbuka yule daktari wa meno, rafiki wa shemeji, yule anayecheka huku anaangalia meno yako. Ni yeye aliyemwambia shemeji kwenye baraza la klabu, mbele ya watu, kwamba mchezaji ambaye hajashuka chini ya themanini ni mbeba mkoba wa fimbo tu, tofauti yake ana gari. Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, akawanunulia vinywaji. Mimi nilikuwa nafagia ngazi. Niliona mkono wake chini ya meza, alikuwa anakunja kile kipande cha bati cha kifuniko cha chupa mpaka kikamkata. Jumamosi ile ndiyo ulipigwa mara ya kwanza, na wewe ukaniambia umejigonga kabatini.

Halafu ikaja ile hesabu yake. Sabini na tisa ndiyo msamaha. Kila pigo analopiga uwanjani juu ya sabini na tisa, lina pigo lake nyumbani. Akipata themanini na mbili, matatu. Akipata themanini na tano, sita. Ile fimbo ya kusukumia mpira, aliyoivunja gotini, chuma chake chembamba kikabaki nyuma ya mlango wa chumba chenu, na wewe ulikuwa unakifuta vumbi kama vyombo vingine. Hilo nililiona, dada. Nilipita dirishani nikakuona unakifuta.

Na Bibi Mdogo, ambaye hajui kitu, alikuwa anamngoja getini kila Jumamosi saa kumi jioni. Gari likisimama anauliza, baba, ngapi leo? Baba anamtajia. Mtoto anapiga makofi kwa namba yoyote ile. Mimi nikiwa uani nasikia namba, natoa sabini na tisa kwa vidole. Halafu baba anamwambia mtoto aende kwa mjomba. Akija ninamnawisha miguu bombani, nawasha redio, naongeza sauti. Kuna wimbo mpaka leo ukipigwa naingia chooni.

Wewe unajua nilikuwa naongeza sauti ya redio. Hukuwahi kunisema kwa hilo. Ningependa ungenisema.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu watu wanadhani nakata nyasi tu. Mwaka wa kwanza nilikata nyasi. Mwaka wa pili nyapara wetu aliona sichelewi na siongei, akanipa kazi ya mashimo. Yale mashimo kumi na nane wanayoingizia mpira hayakai mahali pamoja, dada. Kila alfajiri kabla wachezaji hawajaja kuna mtu anayahamisha. Unakwenda na bomba zito la chuma, chini lina makali, juu lina mpini wa kushika kwa mikono miwili. Unalikandamiza kwenye zile nyasi laini wanazoita grini, unazungusha, unatoa tonge la udongo refu kama mkate. Tonge lile unalizibia shimo la jana, mahali papya unatia kikombe na bendera. Mchezaji akija anakuta shimo, anadhani limekuwa pale tangu dunia iumbwe. Hakuna anayeuliza nani kaliweka. Nyapara hutoa karatasi ya kuonyesha kila shimo likae wapi, lakini nyapara mwenyewe huamka saa tatu na kukagua kwa macho ya usingizi.

Shimo ukiliweka juu ya mteremko, au nyuma ya mchanga, mtu atalia. Ukiliweka chini kwenye kibonde, mpira unajiendea wenyewe kama mbuzi anayejua zizi. Na mimi namjua shemeji anavyocheza kuliko anavyojijua yeye. Mpira wake siku zote unakimbilia kulia. Akiwa na hasira anapiga mfupi. Akiwa anaangaliwa na daktari wa meno anapiga mrefu. Nilikaa juu ya mashine ya nyasi miaka minne nikimwangalia, mtu wa kimya hana kazi nyingine.

Basi nikaanza kumkatia mashimo. Kila Jumamosi, dada. Karatasi ya nyapara naiweka mfukoni, mashimo nayaweka kulia na bondeni. Alikuwa anapata themanini na saba, themanini na nane. Akaanza kupata themanini na tatu, na mbili. Akajisifu kwamba amepata ufunguo wa mchezo, anawafundisha wenzake jinsi ya kushika fimbo. Wewe ukaniambia siku moja tukianua nguo, kwamba Mungu amesikia, mapigo yamepungua. Nikakunja shuka. Nilijiona kama nimekuwekea kinga mbele ya mwili. Nilifikiri siku atakayopata sabini na tisa, kitu kile ndani yake kitatoka, kama jipu, na tutakaa vizuri sote. Nilimuamini yeye na hesabu yake. Hata ulipoondoka niliendelea kumkatia, miezi yote saba, nikijua akishafika pale nitakuita mimi mwenyewe urudi kwako.

Aliyenigundua ni mmoja tu, yule mzee anayembebea shemeji mkoba, tunayemwita Babu Rula kwa sababu anapima umbali kwa jicho bila kukosea hatua. Siku moja alipita karibu yangu, akaitazama bendera, akanitazama mimi, akasema hivi hii grini imekuwa na huruma tangu lini. Halafu akaenda zake. Baadaye akawa ananitania, anasema bwana harusi wetu ana bahati, shemeji yake amemtandikia kitanda uwanja mzima.

Jumamosi iliyopita nilimtandikia kuliko siku zote. Shimo la mwisho nililitia katikati ya bonde kabisa, mahali ambapo hata mtoto angepiga mpira kwa ufagio ukaingia. Shemeji alianza vibaya, akaivunja fimbo moja kwenye mti, akampiga Babu Rula kifuani na mkoba kwa sababu eti alimpa ushauri akiwa amechelewa. Kulikuwa na mbwa koko aliyeokota mpira wake. Alimpiga mbwa yule kwa fimbo ya chuma mgongoni, mbwa akawa anajivuta kwa miguu ya mbele kuelekea vichakani, na shemeji akarudi kwenye mpira wake, akapiga vizuri. Ndiyo ujue. Alipiga vizuri sana baada ya hapo. Nikamfuata yule mbwa vichakani, nikammaliza kwa koleo, nikamfukia. Moyoni nasema si kitu, leo ndiyo mwisho.

Kwenye shimo la mwisho alihitaji mapigo mawili. Alikuwa hatua kumi kutoka kwenye bendera. La kwanza alilipiga ovyo, mpira ukaenda kulia kama kawaida, ukapanda ukingo wa bonde, ukasita, ukateremka wenyewe ukasimama shubiri moja kutoka shimoni. La pili lilikuwa la kugusa tu. Sabini na tisa. Watu wakapiga makofi. Daktari wa meno akamkumbatia. Shemeji akaitazama kadi, akatia saini, mwenzake akatia saini. Uso wake ulikuwa mtulivu, dada. Nilikaa kwenye mashine yangu nikalia. Nikahesabu nauli yako kichwani.

Nikaenda kuosha bomba langu. Bomba la maji liko nyuma ya kibanda cha mikoba. Nilipofika kona nikasikia sauti yake, si ya ukali, ile sauti yake ya upole unayoijua. Alikuwa anamwambia Babu Rula kwamba kwenye shimo la kumi na mbili alikohoa. Mzee anasema bosi, kifua changu tangu asubuhi, ule mkoba ulionipiga nao. Shemeji anasema kama asingekohoa ingekuwa sabini na nane. Anasema sabini na tisa hata daktari wa meno anayo. Anasema kuanzia leo yeye ni mtu wa sabini na tano. Halafu akasema sabini na tisa kutoa sabini na tano ni nne.

Nikasikia la kwanza. Akahesabu moja.

Dada, nilisimama kwenye kona. Nakuambia kweli, la kwanza, la pili, la tatu, nilisimama pale kama ninavyosimama siku zote. Kichwani naitafuta redio. Alikuwa anatumia fimbo ya chuma upande wa mpini, mgongoni na mbavuni. Mzee alikuwa amepiga magoti, ameshika tope kwa mikono yote miwili kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Kabla ya la nne akainua uso, akaniona. Hakuniita, aliniangalia tu, kama alivyoiangalia ile bendera. La nne likampata mdomoni, yakatoka meno mawili.

Nilikuja kwa nyuma na bomba langu la mashimo. Nilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama ubao mkavu unapokanyagwa. Fimbo ikamdondoka, akageuka, akaniona ni mimi, akacheka, nadhani alifikiri ni bahati mbaya. Akasema we Bwana Kimya, umekuwaje? Nikasikia mtu anasema moja, kwa sauti ya upole. Kumbe ni mimi. Nikampiga la pili mkono ule ule juu kidogo, akaanguka. Nikahesabu. La tatu begani. Akawa anatambaa kuelekea kwenye matairi ya mashine, anatapika kile kinywaji walichompongeza nacho. La nne kwenye paja. Nilikuwa nasikia raha, dada. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Sijawahi kuwa mwepesi vile maishani mwangu, na kitu hicho ndicho kinanifanya nisilale.

Nilikuwa naenda mpaka kumi. Nilifika la tano. Babu Rula, na damu zake mdomoni, alinikamata kisigino, akanivuta, akasema yatosha mwanangu, huyu si wako peke yako. Nikasimama.

Halafu nikafanya jambo ambalo liliumiza kuliko chuma. Nikamwambia shemeji kwamba sabini na tisa ile si yake. Nikamweleza bomba ninaloshika ni la nini, na bonde liko wapi, na kwa nini mpira wake unaokimbilia kulia siku hizi unakuta shimo kulia. Nikamtajia grini moja baada ya nyingine, miaka miwili na zaidi. Dada, hakuwahi kunisikia nikisema maneno kumi mfululizo. Alikuwa amelala chini na mkono umepinda pasipo na kiungo, lakini alisahau mkono. Alianza kulia pale. Alilia kwa ajili ya kadi.

Ndiyo maana ile ngazi ya dukani ikazaliwa. Jana aliponiita alisema tuyamalize kifamilia. Yeye hatamwambia mtu kwamba mkata nyasi amemvunja mkono, na mimi sitamwambia mtu habari za mashimo. Kadi ibaki ukutani, na mimi nibaki kazini. Na wewe urudi. Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayeongeza chumvi. Nikaitikia kwa kichwa, unajua mimi siwezi kubishana na mtu uso kwa uso. Akaniomba nimmenyee chungwa. Nikammenyea, akala. Akaniambia hili la sabini na tano hajaliacha, plasta ikitoka ataanza upya, sasa kwa haki, bila mashimo ya huruma. Alisema hivyo na chungwa mdomoni, mtulivu kabisa. Nyuma ya mlango wa chumba chenu niliangalia wakati natoka. Kile chuma kipo. Kimefutwa vumbi.

Sasa dada nimefika pale ambapo nilikuwa nazunguka tangu mstari wa kwanza.

Utajiuliza kwa nini kumi. Wewe ndiye uliyehesabiwa kumi, siku ile ya sikio. Siku hiyo alipata themanini na tisa, na nyumba nzima ilishangaa, maana alikuwa ameshafika themanini na moja. Yeye alisema ni upepo. Haukuwa upepo.

Ijumaa ile kabla yake nilimpelekea funguo dukani. Kulikuwa na wateja wamejaa. Akaniuliza kitu, nikachelewa kujibu kama kawaida yangu. Akachukua gundi ya mbao, akanipaka mdomoni kwa brashi, mbele ya wale watu, akasema basi mdomo usiotumika tuuzibe. Walicheka wote, na yule msichana wa kwenye kaunta aliyekuja baada yako, ambaye mimi nilikuwa nikimsalimia kwa shida, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nikibandua gundi pamoja na ngozi. Wewe uliniuliza mdomo umefanyaje, nikasema jua.

Alfajiri ya Jumamosi nikachukua bomba langu. Nikayakata mashimo yote kumi na nane mahali pabaya kuliko pote. Juu ya miteremko, nyuma ya mchanga, kushoto kabisa ambako mpira wake haufiki. Halafu nikakaa juu ya mashine nikamwangalia anavyoteseka. Nilicheka, dada. Nilicheka peke yangu na mdomo wangu wenye vidonda, shimo baada ya shimo, alipokuwa anatupa fimbo, anawatukana watu, anapiga mpira unapanda na kurudi mpaka miguuni kwake. Nilimhesabia kwa furaha. Sabini na tano, sabini na sita. Mpaka shimo la kumi na saba, alipofika themanini na tatu na mimi bado nacheka, ndipo vidole vyangu vikaanza kutoa sabini na tisa vyenyewe, kwa mazoea.

Nilikimbia mpaka grini ya mwisho na bomba langu nihamishe lile shimo. Wachezaji walikuwa wameshafika, nyapara akanifukuza kwa matusi, akauliza kama nimerogwa. Nikasimama pembeni nikamwona shemeji anapiga. Mpira ulipanda, ukarudi. Ukapanda, ukarudi. Themanini na tisa.

Nilifika nyumbani kabla ya gari, kwa kukimbia. Ningeweza kukuambia toka, chukua mtoto, nenda. Ulikuwa unapiga pasi. Uliniangalia ukasema mbona unahema. Nikasema njaa. Halafu gari likasimama, Bibi Mdogo akauliza ngapi leo, na mimi nikaenda kuwasha redio.

La kumi ndilo lililokupata sikioni. Lile la kumi nililikata mimi kwa mikono yangu, na mengine tisa pia, kwa sababu ya gundi. Nilitaka kumwadhibu yeye, nikasahau nani analipa. Na uliporudi kutoka hospitali na bandeji kichwani, mimi nikilia kwenye ngazi, uliniwekea mkono begani ukasema nyamaza mdogo wangu, wewe hukufanya kitu. Miezi saba sentensi hiyo inatembea na mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunitukana nitukane, nitumie kwa dereva huyu huyu. Ninachokuomba ni usirudi Jumapili. Mkono wake utapona, mfupa ni mfupa. Akirudi uwanjani ataanza kuhesabu kutoka sabini na tano. Nimezitembea grini zote kumi na nane, nimepima na Babu Rula kwa jicho lake. Hakuna bonde la kumfikisha mtu yule sabini na tano. Na akifika, atataka sabini. Mimi sina shimo la kukukatia tena, dada.

Kadi ile nitaiharibu. Jumatatu naenda na Babu Rula polisi. Mwanzo alikataa, anasema mzee asiye na meno mawili atasikilizwa na nani, labda sasa apige mluzi. Nikamwambia nitasema mimi. Akanitazama akasema wewe utasema? Nikamwambia nafanya mazoezi kwa kuandika. Nitawaeleza alichomfanyia mzee na alichokufanyia wewe, na nitawaeleza na mimi nilichofanya, mapigo yote matano, na mashimo. Wakinifunga, basi. Kwenye ile nyumba nimeshahama, nalala kibanda cha mashine, kinanuka petroli lakini hakina redio.

Sina zaidi. Msalimie shangazi, mwambie asikujibie barua. Mbusu Bibi Mdogo pande zote mbili. Akiuliza baba ngapi leo, mwambie hatuhesabu tena, amwulize mjomba wake kuhusu mipira. Wewe lala kwa sikio lako zima juu ya mto kama unataka usingizi, na kama unataka kusikia, ligeuze. Huko hakuna mlango wa kuogopa.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, mpaka mia.

Kimya